Sato wamegoma kukua: kabla ya kubadilisha chakula, pima uzito ulioko bwawani

Mkuu, kwa maelezo yako bwawa ni la udongo, mita za mraba 300, ulipanda vifaranga 1,800 wa sato, dume na jike mchanganyiko. Huu ni mwezi wa sita na wastani ni gramu 70. Unauliza uhamie chakula gani. Chakula kiache kwanza, chukua kalamu.

Tuseme asilimia 20 wamekufa, ambalo ni jambo la kawaida. Wamebaki 1,440, na kwa gramu 70 kila mmoja una kilo 100 za samaki majini. Bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa wala maji yanayobadilishwa mara kwa mara, samaki wakilishwa vizuri, hubeba takribani gramu 400 kwa mita ya mraba. Kwako hiyo ni kilo 120. (Bwawa la samadi peke yake hubeba kama nusu ya hapo.) Zimebaki kilo 20 za kugawana samaki 1,440: gramu 14 kwa kila mmoja. Hata ukiwaweka mwaka mzima, watakula tu na kukaa palepale.

Kwa hiyo idadi ya kupanda hutafutwa kwa kuanzia mwisho. Unataka samaki wa gramu 250? Kilo 120 ni samaki 480. Ongeza wa kufidia vifo, unapata vifaranga 600, yaani wawili kwa mita ya mraba. Wewe umepanda sita. Ukitaka kupanda wengi kuliko hapo, uwe na maji ya kubadilisha au mashine ya hewa, na umeme usiokatika usiku. Na usidanganywe na kina. Bwawa la mita mbili halibebi mara mbili ya lile la mita moja, kwa sababu hewa inaingilia juu na mwani unaozalisha oksijeni unahitaji mwanga. Pima eneo la uso wa maji, si la ukingo wa juu wa tuta.

Kinachowazuia hasa ni oksijeni na uchafu wao wenyewe. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, bali unaitumia pamoja na samaki na tope la chini, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa ni kabla ya jua kuchomoza. Nenda bwawani saa kumi na moja alfajiri. Ukiwakuta wamejipanga juu, midomo inachungulia na kufunguka kama wanavuta hewa, jua unalo tatizo hata kama mchana wanarukia chakula. Samaki aliyepita usiku wa namna hiyo hula kidogo asubuhi, na chakula kilichobaki kinaoza na kula oksijeni ya usiku unaofuata. Nayo amonia inayotokana na uchafu wao huwa na sumu zaidi mchana wa jua kali, maji yakiwa ya kijani kizito. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika katikati ya kiwiko na kifundo, acha kabisa kuweka mbolea.

Kwako kuna la ziada: wanazaana. Sato huanza kutaga akiwa na gramu 30 hadi 50, hasa wakibanana, kwa hiyo zile 1,440 ni za karatasini tu. Vuta wavu wa matundu madogo ukingoni uone vitoto vilivyojaa. Navyo vinakula.

Cha kufanya sasa ni kupunguza. Usiwalishe siku moja kabla. Vuta wavu asubuhi jua likishatoka, si alfajiri, maana wavu hutibua tope wakati oksijeni bado iko chini. Bakiza madume kama 480, kwa sababu dume hukua haraka kuliko jike. Mgeuze samaki tumbo juu, futa maji nyuma ya tundu la haja: dume ana matundu mawili kwa jumla, jike ana matatu, la katikati likiwa mkato mwembamba wa kukingama. Tone la wino au rangi ya chakula husaidia kuliona. Majike, vitoto na wenye vichwa vikubwa na miili myembamba wauze au uwale. Waliobaki watakuwa kilo 34 hivi, na kilo moja ya chakula kwa siku, asilimia 3 ya uzito, inatosha, ukigawa mara mbili. Samaki aliyedumaa kwa msongamano huanza kukua tena akipata nafasi. Kila wiki mbili pima 30 hadi 50 kwenye ndoo yenye maji, tafuta wastani, rekebisha chakula. Usilishe kwa kukisia.

Msimu ujao nunua vifaranga vya dume tupu. Waanzie kwenye kizimba cha wavu humohumo bwawani, 20 kwa mita ya mraba hadi wafike gramu 15, ndipo uwahesabu na kuwaachia. Hapo vifo vya mwanzo vimeshapita na idadi unayoachia ni ya kweli. Kupanda wachache mno nako ni hasara: watanenepa, lakini jumla ya kilo itakuwa ndogo na bwawa limekaa bure.

Kuna aliyeshauri uhamie kambare kwa sababu wanavumilia kubanana. Ni kweli wanavuta hewa ya juu, lakini wakubwa huwala wadogo. Mwanzoni inabidi uwatenge kwa ukubwa kila wiki mbili hivi, la sivyo utapanda elfu moja na kuvuna mia tatu wanene bila kuona mzoga hata mmoja.