C ya 2015 si C ya 2017

SWALI: Nilimaliza kidato cha sita 2015 nikapata C ya Hisabati ya Juu na B ya Fizikia. Mdogo wangu, wa 2017, ana D na C. Nani ana pointi nyingi za kuombea chuo hapa Tanzania?

JIBU: Mko sawa, pointi 5 kila mmoja. Mwaka 2014 na 2015 kulikuwa na B+ kati ya A na B, kwa hiyo herufi zilizofuata zikashuka thamani: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kuanzia 2016, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1.

Wengi wa 2015 hujihesabia kwa jedwali jipya. Mwenye C mbili anadhani ana 6, kumbe ana 4, yaani kiwango cha chini kabisa cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa masomo mawili yanayotakiwa na kozi. Uhandisi huongeza masharti yake, na BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati ya somo la ziada) haijazi nafasi ya Hisabati ya Juu.

Mwenye cheti cha nje, Cambridge kwa mfano, asijipigie hesabu mwenyewe. Aombe kwanza ulinganifu wa matokeo yake NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.