Asubuhi inagoma, jioni inakubali: acheni kufuta kufuli la dpkg

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ndiye ninayetunza kompyuta kwenye ofisi yetu ya ushirika hapa Newala. Tuna seva ya barua pepe, inaendeshwa na mfumo wa Ubuntu, ina Postfix ya kupokea na kutuma barua na Dovecot ya kuwapa watu barua zao. Kusakinisha programu siku nyingine kunakubali, siku nyingine kunagoma, ujumbe unasema kufuli limeshikwa. Balaa ni asubuhi, saa 3 hadi saa 4. Jioni nikijaribu inapita. Umeme ukikatika asubuhi nikawasha seva mchana, inagoma mchana huo huo. Fundi mmoja nilimpa neno la siri la ruti, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, akanionyesha kufuta mafaili ya kufuli kwa amri ya rm, na ikakubali mara tatu. Juzi imegoma kabisa: dpkg, ile inayosakinisha programu za Ubuntu, inasema ilikatizwa katikati ya kazi, Dovecot imekaa nusunusu, na fundi anashauri tufute kila kitu tuanze upya. Mle ndani kuna barua za misimu minne ya korosho. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usifute chochote. Jibu lako karibu lote umeshaliandika mwenyewe: saa 3 asubuhi.

Kwenye Ubuntu, apt ndiyo inayopakua programu na kuikabidhi dpkg izisakinishe, nayo ina kazi mbili zinazojiendesha bila kumwomba mtu ruhusa. apt-daily inachukua orodha mpya za programu, na apt-daily-upgrade inasakinisha marekebisho ya usalama. Hii ya pili imepangiwa saa 12 asubuhi, ikiongezewa ucheleweshaji wa kubahatisha wa hadi saa nzima, ili seva za dunia nzima zisiyavamie maghala ya programu kwa mpigo. Ila seva nyingi huachwa kwenye saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, tangu siku ya kusakinishwa, na saa 12 asubuhi ya UTC huku kwetu ni saa 3. Kwa hiyo ukishamaliza chai ukakaa kwenye kiti, mwenzako asiyeonekana naye ndiyo kwanza anaanza kazi. Ana kufuli mkononi, na wewe unaambiwa usubiri.

Na umeme? Kazi hizo zina kumbukumbu. Seva ikiwa imezima wakati wa zamu, ikiwaka inajua kwamba zamu ilipita, nayo hulipa deni hilo wakati wowote ndani ya saa hiyo ya kwanza. Ndiyo maana ukiwasha mchana inagoma mchana. Kuwasha upya, ile dawa ya kila ugonjwa, hapa hakusaidii, na ukizima katikati ya kazi unaharibu zaidi.

Hakikisha mwenyewe. Andika timedatectl uone seva iko kwenye saa za wapi, kisha systemctl list-timers 'apt-daily*' uone zamu ijayo ni lini. Halafu fungua /var/log/apt/history.log: kila kazi imeandikiwa muda wa kuanza na wa kumaliza. Linganisha na siku zako za kugomewa. Ukitaka zamu iende alfajiri kabla hujafika, timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam inatosha.

Sasa nije kwenye hiyo rm, maana ndiyo iliyonifanya nichague swali hili kati ya mengi. Haipiti wiki sijaletewa. Watu wanaamini kwamba faili la /var/lib/dpkg/lock ndilo kufuli lenyewe: likiwepo pamefungwa, likifutwa pamefunguka. Si kweli hata kidogo. Faili hilo lipo muda wote, hata sasa hivi ambapo hakuna anayesakinisha kitu. Kufuli ni dai ambalo mchakato, yaani programu iliyo kazini, huliweka juu ya faili hilo, na kiini cha mfumo ndicho kinachokumbuka nani kadai. Mchakato ukiisha, au hata ukifa kifo cha ghafla, dai linaondoka nao. Kufuli lililosahaulika na mfu, linalongoja mtu aje kulifuta, halipo.

Wewe uko Newala, mizani ya korosho unaijua. Karani mmoja amekaa kwenye kigoda, ana daftari, anaandika magunia. Kigoda ndilo faili; kufuli ni huyo karani aliyekikalia. Fundi wako amefanya nini? Hajamwinua karani. Ameleta kigoda kingine, akamkalisha karani wa pili, na wote wawili wanaandika daftari moja bila kuonana. Kila mmoja ameunakili ukurasa wa mwanzo, anaandika yake, mwisho anaubandika juu ya wa mwenzake. Aliyebandika wa mwisho ndiye anayebaki kwenye kumbukumbu. Magunia ya yule mwingine yapo ghalani, ila kwenye daftari hayapo. Daftari la dpkg ni faili la /var/lib/dpkg/status, na hivyo ndivyo Dovecot inavyokuwa nusu: mafaili mapya yapo kwenye diski, huku daftari likidai kazi haijakamilika.

"Mbona mara tatu ilikubali?" Kwa sababu mara tatu karani wa kwanza alikuwa anapakua tu, au alikuwa ukingoni mwa kumaliza. Mara ya nne alikuwa ameshika Dovecot.

Miaka michache nyuma niliitwa ofisi moja hapa Mtwara mjini kwa kisa hiki hiki. Mtu alifuta kufuli wakati masasisho ya Postfix yakiendelea. Postfix ilisimama katikati ya msimu, na ofisi nzima ikahamia kutuma stakabadhi kwa picha za simu. Nilipofungua historia ya amri za ruti nilikuta rm hiyo imeandikwa mara kumi na moja kwa miezi tofauti. Ilikuwa imegeuka desturi, kama kupiga redio kofi ili ishike stesheni.

Matibabu yako ni haya. Kabla ya lolote, chomeka diski ya nje, nakili barua zote pamoja na /etc/postfix, /etc/dovecot na /var/lib/dpkg nzima. Kisha angalia kama kuna karani yeyote bado yuko kazini: ps aux | grep -E 'apt|dpkg'. Kwa kawaida ningekwambia utumie fuser -v /var/lib/dpkg/lock-frontend ikupe namba ya mchakato, ila faili likishafutwa, anayeshikilia lile la zamani haonekani tena kwa njia hiyo. Hasara nyingine ya rm. Ukimkuta, mwache amalize. Pakiwa kimya, andika dpkg --audit ikuonyeshe vilivyokaa nusu, halafu dpkg --configure -a, halafu apt --fix-broken install. Ukiulizwa kama ubaki na faili lako la mipangilio au uchukue jipya, jibu N, baki na lako. Ukichukua jipya, mipangilio mliyoifanyia kazi miaka yote inarudi kuwa ya kiwandani.

Daftari lenyewe likiwa limeharibika kiasi cha kutosomeka, kuna nakala zake za siku zilizopita kwenye /var/backups, zinaanza na dpkg.status. Hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye kufuta seva.

Kuanzia kesho, kufuli likishikwa, subiri. Ukichoka kubonyeza, mwambie apt asubiri kwa niaba yako: apt-get -o DPkg::Lock::Timeout=600 install, kisha jina la programu, naye atangoja hadi dakika kumi. Na kama unaingia kwenye seva kutoka mbali, fungua tmux kwanza. Laini zetu unazijua. Muunganisho ukikatika dpkg ikiwa katikati, kazi inaweza kukatwa nayo, ukaletewa ujumbe ule ule wa "ilikatizwa" bila rm yoyote. Ndani ya tmux kazi inaendelea, ukirudi unaikuta.

Kuna jambo moja la seva za barua ambalo si kesi yako, lakini najua utakutana nalo, maana nalo huja na kuondoka. Usakinishaji unagoma kwa kudai diski imejaa, wakati df -h inaonyesha nafasi kibao. Andika df -i. Kila faili, hata la mistari miwili, linakula inodi moja, yaani nafasi moja kwenye orodha ya mafaili ya diski, na ext4, mfumo wa mafaili wa Ubuntu, kwa kawaida hutenga inodi moja kwa kila kilobaiti 16 za diski: kizigeu cha gigabaiti 20 kina kama milioni 1.3 tu. Maildir, mtindo wa kuhifadhi barua, huweka kila barua kwenye faili lake. Foleni ya Postfix nayo ni mafaili, na intaneti ikilala siku mbili, foleni inavimba. Ikirudi, inapungua, na usakinishaji "unapona" wenyewe. Programu ndogo inapita, ile yenye mafaili maelfu inakwama. Nimeona watu wananunua diski kubwa kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kusafisha folda la takataka zilizokamatwa na kichujio.

Na ukiona apt inalalamika kwamba orodha ya programu ni ya wakati ambao haujafika, hiyo ni saa ya seva imebaki nyuma baada ya umeme kukatika. Badilisha kibetri cha CR2032 kwenye bodi mama.

Ninachokasirikia si rm peke yake. Ni hii tabia ya amri kutembea kwenye magrupu ya WhatsApp kama dawa ya mti isiyojulikana inatibu nini. Leo futa kufuli. Kesho chmod -R 777 /var, na hapo kila aliye na akaunti kwenye seva anaweza kusoma na kufuta barua za mwenyekiti. Keshokutwa weka trusted=yes kwenye orodha ya maghala ili "isisumbue na saini". Ile saini ndiyo kitu pekee kinachothibitisha kwamba ulichopakua kimetoka kwa Ubuntu na hakikubadilishwa njiani. Ukiizima, unasakinisha kama ruti chochote utakachopewa na yeyote aliyekaa kati yako na ghala.

Nimeshasikia na suluhisho la mwisho: zima masasisho ya kujiendesha, kufuli halitashikwa tena. Ni kweli, halitashikwa. Juni 2019 lilitangazwa shimo kwenye Exim, programu ya barua kama Postfix yako, lililomwezesha mtu wa mbali kuendesha amri za ruti kwa kutuma barua tu. Ziliathirika toleo la 4.87 hadi 4.91, na mashambulizi yakaanza ndani ya siku chache. Waliokuwa na karani wao wa asubuhi walitibiwa wakiwa hawana habari. Waliomfukuza kwa sababu anawachelewesha dakika kumi waliachwa mlango wazi, na seva ya barua haina pa kujificha, kazi yake ni kupokea wageni asiowajua.

Huyo fundi akirudi na diski yake ya kuanzia upya, muulize kitu kimoja: kufuli lilikuwa limeshikwa na mchakato gani? Kwenye Ubuntu za siku hizi apt yenyewe inaandika namba na jina lake kwenye ujumbe ule ule anaoukimbilia kuufuta. Kama hakuusoma, hana cha kukufundisha kuhusu seva yako. Na neno la siri la ruti ulilompa libadilishe leo, kisha fungua /root/.ssh/authorized_keys, orodha ya funguo zinazoruhusu mtu kuingia kama ruti, uone kama kuna mstari usioujua.