Kabla ya kuulizia spea ya Fletcher, soma kibao chake

Tangu nianze kujitolea kukarabati manowari za makumbusho hapa Marekani, swali ninaloulizwa sana ni hili: pampu ya destroya ya Fletcher inapatikana wapi? Nami huuliza kwanza: ya Fletcher ipi?

Fletcher ni aina moja ya destroya za Marekani, yaani manowari nyepesi za kasi, na zilijengwa 175 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika viwanda 11 vya meli. Kwa nje zinafanana mno: mizinga mitano ya milimita 127, boila nne, rafadha mbili. Shuka chumba cha mashine uone. Nyingine zilifungwa tabini (injini za mvuke) za kampuni ya General Electric, nyingine za Westinghouse, na beringi ya hii haikai kwenye ile.

Kwa hiyo anza na kile kibao kidogo cha shaba kilichopigiliwa kwenye mashine yenyewe. Mara nyingi kimezikwa chini ya rangi ya kijivu, tabaka juu ya tabaka. Usikipelekee brashi ya waya, itakula maandishi. Mimi hupaka dawa ya kuondolea rangi, nangoja ilainike, halafu nakwangua polepole kwa kijiti hadi herufi zijitokeze: jina la kiwanda, modeli, namba ya mkataba. Vaa glavu na barakoa, maana rangi ya zama zile ina madini ya risasi. Mabomba yaliyoviringishwa kitambaa cheupe usiyaguse kabisa. Ndani mna asibestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na hiyo ni kazi ya mafundi wenye leseni.

Ukishapata namba, panua utafutaji. Mzinga uleule ulifungwa hata kwenye meli za mafuta za jeshi la majini, na mtambo wa Mark 37 wa kuelekezea mizinga ulikuwa kwenye Fletcher na kwenye manowari kubwa za aina ya Iowa vilevile.

Fletcher zenyewe zimebaki nne: Kidd kule Baton Rouge, The Sullivans mjini Buffalo, Cassin Young mjini Boston, na Velos ya Ugiriki, ambayo mwaka 1973 nahodha wake na baadhi ya mabaharia waliukataa utawala wa kijeshi wakaomba hifadhi Italia. Chombo chenye historia ya namna hiyo kinastahili kila jasho linalomtoka fundi.

Angalia pia meli inaonyesha mwaka gani. Kidd imerudishwa ilivyokuwa 1945, Cassin Young iko katika sura ya miaka ya 1950. Redio inayofaa huku inaweza kuwa kosa kule.

Ukiambiwa kipuri kimetolewa kwenye manowari iliyozama, kiache. Tangu 2004 sheria ya Marekani inazilinda meli hizo, na nyingi ni makaburi ya watu.

Unapowaandikia watunzaji wa makumbusho, ambatanisha picha ya kibao, vipimo kwa inchi, na upande wa meli kilipotoka kifaa. Ukiwa na spea ya ziada ya kubadilishana, itaje kwenye barua ya kwanza.