"Crepuscular" na "nocturnal" si kitu kimoja

Mdogo wangu, umeuliza kama "crepuscular" ulilokutana nalo kwenye kitabu cha waongoza watalii ni sawa na "nocturnal". Hapana. "Nocturnal" ni mnyama wa usiku. "Crepuscular" ni yule anayechangamka kwenye mwanga hafifu: alfajiri kabla jua halijapanda, na magharibi giza linapoingia. Asili yake ni Kilatini, crepusculum, yaani ule utusitusi wa machweo. Tamka kre-PAS-kyu-la, mkazo kwenye PAS.

Mtazame sungura wa kufuga. Adhuhuri amejilaza tu bandani. Ikikaribia magharibi anaanza kurukaruka na kutafuna majani. Huyo ndiye. Paka naye yumo, ingawa aliyezoea watu hufuata saa za watu.

Sasa angalia mtego, maana hapo Tanga wageni watakuuliza hilihili: popo wa mapango ya Amboni hutoka giza likiingia, lakini shughuli zao huendelea usiku, kwa hiyo huitwa "nocturnal". Kutoka jioni peke yake hakutoshi.

Kwenye maongezi ya kawaida usilitumie, utaonekana umemeza kamusi. Ni neno la wanabiolojia na washairi. Wapiga picha nao wana "crepuscular rays", ile miali ya jua inayopenya kwenye matundu ya mawingu. Ukitaka jioni tu, bila alfajiri, lipo "vespertine"; la alfajiri ni "matutinal".