Maswali Yenu: Mtengeneza kofia na wazimu wake

Swali: Ndugu mhariri, mwalimu wetu wa Kiingereza alisema kuhusu mtu fulani kuwa ni "mad as a hatter", yaani mwenye wazimu kama hatter. Kamusi inaniambia hatter ni mshona kofia. Sasa washona kofia wamekosa nini? *Msomaji, Jinja*

Jibu: Kamusi ndiyo iliyokupoteza. Ukisikia "mshona kofia" unaona sindano, uzi na kofia ya vito, na fundi wa namna hiyo ataumwa macho tu. Hatter wa msemo huu alitengeneza kofia za felti, zile pama zenye ukingo ambazo wazee bado huzivaa harusini na mazikoni. Felti haifumwi wala haishonwi. Ni manyoya ya mnyama, sungura kwa mfano, yaliyoshikamana yenyewe kwa joto, maji na kukandwa.

Taabu ni kwamba manyoya ya sungura ni laini, yanateleza, hayashikani. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya waliipaka ngozi, ikiwa bado na manyoya yake, zebaki iliyoyeyushwa katika asidi ya nitriki. Dawa hiyo iliyakwaruza magamba madogo ya kila unywele yakasimama, ndipo unywele ukaweza kumng'ang'ania mwenzake. Ngozi ilipokaushwa kwenye joto, ncha za manyoya ziligeuka rangi ya karoti, na hatua hiyo Waingereza wakaipa jina la karoti. Baada ya hapo manyoya yalinyolewa, yakatandazwa kuwa koni kubwa nyepesi, koni ikasinyazwa kwa maji moto, kisha ikavutwa juu ya kalibu ya mbao na kupigwa mvuke hadi ipate umbo la kichwa.

Angalia mahali penye moto: kukausha, kusinyaza, kupiga mvuke. Kila mara zebaki iliyobaki katika manyoya iligeuka mvuke, na karakana nyingi hazikuwa na hewa ya kutosha. Fundi alianza kutetemeka vidole, kisha kope na midomo. Ufizi ulivimba, mate yakamjaa, usingizi ukamtoka. Akawa mwenye haya kupita kiasi, akikasirika ukimtazama anavyofanya kazi. Danbury, mji wa kofia katika jimbo la Connecticut, Marekani, mtetemeko huo ulipewa jina la mji wenyewe. Viwanda vya Marekani viliacha zebaki katika kazi hii mwaka 1941 tu.

Wengi watakuambia msemo ulitoka katika kitabu cha Lewis Carroll kuhusu binti Alice. Si kweli. Kitabu kilitoka mwaka 1865, na msemo ulikuwa umechapishwa katika jarida la Blackwood's la Edinburgh tangu 1829. Tena yule mtengeneza kofia wa Carroll ni msemaji asiyenyamaza, ilhali mgonjwa wa zebaki hujificha na watu. Wapo pia wanaomtaja Roger Crab, muuza kofia wa Chesham, Uingereza, aliyegawa mali yake kwa maskini akaishi kwa kula majani katika karne ya 17. Hadithi tamu, lakini miaka zaidi ya 150 kati yake na msemo ni mingi mno. Zebaki ndiyo maelezo yenye uzito, ingawa haina risiti ya maandishi.

Swali: Naweza kuutumia katika insha ya mtihani? *Mwanafunzi, Mbale*

Jibu: Katika mazungumzo ya wahusika, ndiyo, katika barua rasmi, hapana. Ni neno la utani kwa mtu wa vituko, usimwambie aliyelazwa Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, wala nduguye. Kumbuka pia Mmarekani akisema "mad" peke yake mara nyingi ana maana ya hasira. Ukitafsiri, waache washona kofia wapumzike: "kichaa wa kutupwa" inatosha.

Swali: Hiyo zebaki ni ileile ya kwenye dhahabu? *Mchimbaji, Busia*

Jibu: Ileile, na wewe uko karibu nayo kuliko fundi wa kofia. Ukishalikamua lile donge la zebaki na dhahabu kwa kitambaa na kuliweka juu ya makaa, zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 hivi na kupaa bila harufu. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata wa kuipunguza mwaka 2019, lakini donge bado linachomwa, wakati mwingine kwenye sufuria itakayopikiwa posho jioni. Usichome ndani ya nyumba, wala nguo za kazi zisifuliwe na za watoto. Andika jina lako kila wiki kwenye daftari moja: mwandiko ukianza kutetemeka, nenda kituo cha afya ukaseme waziwazi kuwa unachoma zebaki, maana usiposema, wataweza kukutibu kitu kingine.

Kifaa cha chuma cha kuchomea donge, chenye bomba linalopoozwa kwa maji, hunasa sehemu kubwa ya mvuke na kukurudishia zebaki yako. Kinaharibika mahali pawili: kifuniko kisichobana, na haraka ya mwenye dhahabu. Ukikifungua kingali na moto, mvuke uliobaki unakupiga usoni.