Kiitaliano cha Malindi: wajomba waliongea, vijana wanafaulu mtihani

Nafundisha Kiitaliano jioni hapa Malindi, na kila nikipokea wanafunzi wapya naona tofauti ileile baina yao na wajomba zao. Wajomba walijifunzia ufuoni. Waitaliano walikuwa wamejaa, wengine wakifanya kazi kituo cha San Marco kule Ngomeni kilichorusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, wengine wakifuata jua na bahari tu. Muuza vinyago hakusubiri mwalimu. “Io andare domani” (mimi kwenda kesho), anasema hadi leo, kitenzi hakijanyambuliwa hata kidogo, na mteja anaelewa.

Vijana wa sasa ni kinyume. Wamelelewa na video za simu, matamshi yao mazuri, watakutajia vado, vai, va (naenda, unaenda, anaenda) bila kukwama. Kwenye karatasi ya mtihani mjomba haoni ndani. Lakini mwambie kijana huyohuyo akamuulize mzee wa Kiitaliano bei ya samaki: anakimbilia Kiingereza.

Si uvivu. Watalii walipungua baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, halafu 2020 ikaja korona, kwa hiyo kijana hana wateja wa kuzoezea ulimi kila siku. Tena sarufi yenyewe imemtia woga: analisikia kosa lake kabla halijatoka mdomoni. Mjomba hakulisikia.

Basi wanafunzi wangu nawapa shughuli badala ya “mazungumzo”. Mmoja alimweleza mama wa Kiitaliano jinsi tunavyokuna nazi. Jina la mbuzi kwa Kiitaliano hakulijua, mimi nikakataa kumsaidia. Akaanza: ni kigoda, unakikalia, mbele kuna chuma chenye meno. Akachuchumaa, mikono ikazunguka hewani, yule mama akacheka na kumuuliza tui linakamuliwaje. Siku hiyo kijana aliongea kuliko muhula mzima. Nyumbani fanya vivyo hivyo: jirekodi ukieleza kazi unayoijua kwa mikono, usisome popote, kisha sikiliza. (Utajichukia sauti. Kila mtu hujichukia.)

Wazazi huniuliza kama wawaache watoto ufuoni wakajifunze kama zamani. Hapana. Yanayofanyika kule tunayajua sote. Wapo Waitaliano wazee wanaoishi hapa mwaka mzima, unawakuta sokoni asubuhi na muda wanao. Msichana aende na mwenzake.

Na usimdharau mjomba wa “io andare”. Darasani kwangu namkalisha na kijana wa shule. Huyu anarekebisha vitenzi, yule anamfundisha kutoona haya, na sioni mwalimu anayeweza kuifanya kazi hiyo ya pili. Ukimpata mtaani kwenu, mwombe awe mteja nawe muuzaji, na Kiswahili kisiguswe mpaka mkubaliane bei.