Kabla hujamtafuta mfadhili wa shamba lako la paani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Anataka kuanzisha biashara ya kijamii ya kulima juu ya mapaa ya majengo ya mjini, vijana wapate kazi, wakazi wapate mboga mbichi, na faida irudi kwenye kazi yenyewe. Andiko la mradi liko tayari, jina lipo, nembo ipo. Alichoomba kwangu ni majina ya wafadhili tu.

Ndugu yangu, nimeusoma ujumbe wako na nimefurahi, maana hamu hiyo naijua. Ila suala la wafadhili liweke kando kwanza. Ngoja nikusimulie yaliyotupata sisi, na nyinyi wengine mnaonisoma mkiwa na ndoto hiyo hiyo mnisikilize pia.

Paa letu la kwanza lilikuwa la jengo la ofisi. Tulilikuta limejaa makopo ya rangi iliyokauka, vyuma chakavu na kinyesi cha njiwa. Mwenye jengo alitupatia bila kodi. Tukasafisha, tukamleta mhandisi, tukapanga masanduku ya mbao, tukavuta mipira ya umwagiliaji wa matone, tukawafundisha vijana ambao hawajawahi kushika jembe. Mvua zilipopita, paa zima likawa kijani: saladi, figili, rehani, nanaa. Nyuki wakaja wenyewe. Wapangaji wakaanza kupanda juu saa za mapumziko, na wapiga picha hawakukauka. Najivunia paa lile mpaka leo.

Sasa paa likawa na thamani, na mwenye jengo akaiona. Akapata watu wa kulikodi kwa ajili ya sherehe. Akataka bustani ibaki, sisi tuondoke. Mkataba ulikuwa ukingoni, na ahadi ya kuurefusha alikuwa ameitoa kwa mdomo, mbele ya watu, huku akitushika mkono. Tulipomkumbusha akasema hakumbuki kitu kama hicho. Hakuwahi kushika hata koleo, lakini alisimama pale akituhesabia masanduku.

Siku ya kuhama tulikatazwa lifti. Tukashusha udongo kwa ngazi, gunia baada ya gunia, udongo tulioutengeneza wenyewe kwa maganda ya matunda na majani ya chai kutoka kwenye ofisi zile zile. Gunia moja likapasuka kwenye ngazi za ghorofa ya kati, mboji nyeusi ikamwagika na minyoo ikijipindapinda humo. Kijana mmoja wa kwetu akapiga magoti, akaanza kuiokota mmoja mmoja na kuirudisha kwenye gunia. Wapangaji wakapita pembeni yake bila kusema neno. Inaniuma bado, sifichi.

Biashara haikufa, na sababu yake ndiyo ushauri wangu. Wakati ule mboga za paa lile zilikuwa sehemu ndogo ya kipato chetu. Tulikuwa tumeshaanza kuuza kazi: kupima mapaa ya watu, kuwajengea bustani, kuzitunza kwa malipo ya kila mwezi, kufundisha wafanyakazi wa makampuni kulima na kutengeneza mboji. Mwezi tuliofukuzwa, mishahara ilitoka kwa wakati. Hakuna kijana aliyerudishwa nyumbani.

Na si sisi tu. Brooklyn Grange ya New York ilianza mwaka 2010 juu ya jengo la kale la mwaka 1919 huko Queens. Wanauza mboga, ndiyo, lakini pia wanasanifu na kujenga bustani za mapaa ya wengine, na wanakodisha mashamba yao kwa harusi na hafla. Rooftop Republic ya Hong Kong, iliyoanza 2015, inaanzisha na kutunza mashamba kwenye majengo ya wateja na kutoa mafunzo. Ukitaka kuishi kwa mavuno zaidi, angalia Lufa Farms ya Montreal: tangu 2011 wanalima ndani ya vitalu vya vioo juu ya mapaa na kuuza vikapu kwa wateja wanaoagiza mara kwa mara. Huo ni mtaji wa aina nyingine kabisa. Kwa masanduku ya mbao na paa la kuazima, saladi peke yake hailipi mishahara.

Kwa hiyo uza kazi kwanza.

Halafu uzito. Watu huniuliza mbegu gani bora, ni wachache wanaouliza paa linabeba kiasi gani. Udongo wa kawaida wenye kina cha sentimita 20, ukishalowa, unazidi kilo 300 kwa kila mita moja ya mraba, na mapaa mengi hayakujengwa kwa mzigo huo. Ndiyo maana tunachanganya mboji na nyuzi za maganda ya nazi na perlaiti, yaani punje nyepesi za mwamba uliopashwa moto, uzito upungue. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, basi mhandisi ndiye aamue likae wapi, kwa kawaida juu ya nguzo au boriti. Na matundu ya kutolea maji ya mvua yakaguliwe kila wiki, kwa sababu majani machache tu yakiziba, paa linageuka bwawa na lawama zote ni zako, hata kama bomba lililovuja ni la choo cha ghorofa ya chini yenu. Piga picha za dari ya ghorofa ya juu kabla ya kuweka sanduku la kwanza. Mwenye jengo azisaini.

Mkataba uwe wa miaka kadhaa, uandike wazi kwamba udongo, masanduku na mipira ni mali yenu, na useme mtalipwa nini mkiondolewa mapema. Ahadi ya mdomo ikaribishe kwa heshima, kisha iandikeni siku hiyo hiyo.

Kuhusu wafadhili, sitawatukana, wapo waliotusaidia baadaye kununua pampu. Lakini vijana wetu tunawafundisha vibaya tunapowaambia kwamba biashara ya kijamii inaanza na andiko la mradi. Muhammad Yunus, mwanauchumi wa Bangladesh aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006 pamoja na Benki ya Grameen aliyoianzisha kuwakopesha maskini, anafundisha kwamba biashara ya kijamii lazima ijilipie gharama zake. Mwekezaji anarudishiwa mtaji wake, faida inabaki kwenye kazi. Kujilipia! Huwezi kuhubiri uendelevu wa mazingira huku vitabu vyako vya hesabu vinakufa kila ruzuku inapokwisha. Huwezi kuwaambia watu wasitupe maganda huku unawatupa wafanyakazi wako mradi ukifungwa. Lipa watu wako kwanza. Onyesha hesabu zako. Uza kazi.

Basi, ndugu yangu uliyeniandikia, tafuta jengo moja ambalo mwenyewe yuko tayari kukulipa, hata kidogo, umtunzie bustani. Mpeleke mhandisi pale. Ukishapata ripoti yake na rasimu ya mkataba, nitumie, nitaisoma kifungu kwa kifungu kabla hujasaini.